Usiku Saba wa Siagi

Ruti, Mbarara
Jumapili, 9 Juni 2002

Shangazi yangu Mukarukundo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Gaju na ndama aliye tumboni mwake. Nimemsalimu ng'ombe mapema kwa sababu nakujua: barua isiyomtaja Gaju utaikunja na kuwashia moto. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kwa mama Kampire hakivuji, kazi ya kupiga pasi inaendelea, na ibada ya leo ilikuwa ndefu mpaka mchungaji mwenyewe akapiga mwayo.

Tarehe imepatikana, Shangazi. Wale wazee wa Gad waliokuja huko Pasaka kuongea na baba mdogo Kabanda wamekaa na kanisa, wamekubaliana. Harusi ni Jumamosi, tarehe 28 Septemba, hapa hapa Ruti. Gad amekwisha kuanza kutengeneza mlango wa nyumba yetu, ingawa nyumba yenyewe bado hatujaipata. Ndiyo tabu ya kuolewa na fundi wa milango.

Sasa shida yangu. Ni uso. Unajua pasi yetu ni ya makaa, na mimi nainama juu yake tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kiangazi kimeingia, na vumbi la barabara ya Kabale linaingia dukani bila hodi. Ngozi imekauka, inabanduka kando ya pua na juu ya nyusi, na nikicheka inauma. Nimepaka mafuta ya dukani, asubuhi naamka kama mtu ambaye hakupaka kitu. Kampire aliniambia nijaribu parachichi. Nimejaribu, nzi ndio waliofurahi.

Nakumbuka ulivyompaka binamu Marie siagi kabla ya harusi yake, usiku saba, mle kambini Nakivale, ndani ya nyumba yetu ya turubai. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nimefumba macho kidogo tu. Asubuhi ya nane Marie alitoka nje na uso wake ulikuwa laini mpaka wanawake wakanyamaza.

Njoo unipake na mimi. Baba hayupo, mama hayupo, niko na wewe peke yako. Siombi kitu kingine kwenye harusi hii. Musoni, yule wa gari la maziwa, anasema kiti cha mbele ni chako siku yoyote utakayotaka.

Mtoto wako,
Liliane


Nakivale
25 Juni 2002

Kwako Lili, binti ya kaka yangu Constantin,

Bwana asifiwe. Gaju amepokea salamu, ametikisa sikio moja. Lile lingine anakutunzia mpaka ujifunze kuandika barua mara mbili kwa muezi. Na hicho Kiswahili chako kimekuwa cha redio kabisa! Mimi nitaandika changu cha kwetu, utanielewa tu.

Huku ukungu unatoka ziwani kila asubuhi, unakaa mpaka saa tatu, hata mutu akipita karibu unaona miguu tu. Maharage tumevuna, si mingi. Kabanda ameng'olewa jino na tangu siku ile anazungumza kama mutu ana siri. Batoto ya jirani banakuulizia.

Nimesoma tarehe. Nimeisoma tena nje, fasi yenye mwanga. Nilifurahi mpaka nikasahau kumufungulia ndama wa jirani, akalia asubuhi yote.

Uso wako nitakutengenezea. Maziwa ya Gaju ninaiacha inalala siku tatu ndani ya kibuyu cha mama, kile nilichorudia ndani ya moto. Natikisa, natikisa, mpaka nasikia ndani kitu kimeanza kuwa kizito. Siagi ikitoka naiosha na maji ya baridi, mara kumi, mpaka maji inabaki safi. Siagi isiyooshwa vizuri inaleta vipele, usidanganywe na mutu. Jioni unaosha uso kwa maji ya vuguvugu, bila sabuni. Ile sabuni ya kufulia unayotumia, ndiyo, najua, iache kwa nguo. Usipanguse uso mpaka ukauke, acha ngozi na majimaji. Unachukua siagi kama punje moja ya haragwe, unaiyeyusha kati ya viganja, unaanzia kidevu unapanda juu. Kisha unalala. Asubuhi unapangusa na kitambaa cha maji ya moto, basi. Na mutu aliyelala na siagi usoni anaota ng'ombe, hiyo haina dawa.

Lakini kwetu bibi-arusi hajipaki, hiyo unajua. Hata asiyekuwa bibi-arusi, usiku wa kwanza mukono ni wa mutu mwingine. Mama yangu alisema ngozi inapaswa kwanza kushikwa na mutu anayekutakia mema, ndipo itasikia dawa. Nimepanga na Pélagie, muke wa mzee wa kanisa huko Mbarara. Yeye ndiye atakupaka. Ana mikono mizuri.

Mimi sitakuja. Gaju anazaa Septemba na hataki mutu mwingine amuguse. Tena vumbi la njia si zuri kwa upande wangu wa kushoto, ule wa moto. Unajua ile ngozi inavyovuta. Tangu miaka sita shavu lile halitaki kucheka, bageni banafikiri ni kiburi. Bibi-arusi anastahili kuzungukwa na nyuso nzuri.

Kibuyu kidogo nimekifunga kwa jani la ndizi, Musoni anakileta.

Niliota uko mutoto, unatembea juu ya ziwa na Gaju anakufuata, miguu yenu haizami. Niliamka nikiwa na furaha.

Shangazi yako,
Mukarukundo


Ruti
Jumapili, 21 Julai 2002

Shangazi mpendwa,

Salamu kwako, kwa Gaju masikio yote mawili, na kwa baba Kabanda na pengo lake. Gad anakusalimu. Amemaliza mlango, amechonga maua juu yake, sasa umeegemezwa ukutani kwangu na kila usiku nalala nikitazama mlango usiokwenda popote. Naona ni mzuri sana. Wakati mwingine nikisinzia naona unafunguka.

Siagi ilifika salama. Asante mno. Uso umeanza kuwa laini, watu dukani wanauliza napaka nini. Niliota ng'ombe kama ulivyosema, wengi, walikuwa wanapita katikati ya barabara ya Kabale na malori yamesimama kuwasubiri.

Mama yake Gad na dada zake walikuja tarehe 13 kuniona. Walikula vizuri, walisifu chakula.

Shangazi, Gaju si ng'ombe wa kwanza kuzaa. Baba Kabanda amezalisha ng'ombe tangu kabla mimi sijazaliwa. Njoo.

Wako,
Liliane


Nakivale
6 Agosti 2002

Lili,

Bwana asifiwe, na Bwana akusamehe.

Musoni alipita hapa Ijumaa. Nikamupa maziwa, akakaa, akaanza kusifu. Mama, anasema, siku bageni ba Gad balikuja mimi nilileta maziwa kwa Kampire, bakaniambia kaa, kula. Kulikuwa na eshabwe, anasema, ile mchuzi yao nyeupe ya siagi na chumvi, lakini sijapata kula eshabwe kama ile tangu kuzaliwa. Nikamuuliza siagi ilitoka wapi. Akasema, kwenye kibuyu kidogo cha jani la ndizi. Nikamuuliza tena. Akaona uso wangu, akasema amekumbuka gari ameliacha linanguruma, akaondoka.

Siku tatu za kulala! Maji mara kumi! Mukono wangu uliuma mpaka bega, na bakwe zako bamechovya viazi ndani yake. Eh, Mungu wangu. Na wewe unaniandikia uso umekuwa laini. Laini ni ulimi wa mama-mukwe.

Nilikasirika kutwa. Usiku nikacheka na upande mumoja, peke yangu.

Lakini sasa niambie kweli. Kibuyu kilifika tarehe 28 ya muezi wa sita. Bageni balikuja tarehe 13. Wiki mbili siagi inafanya nini ndani ya nyumba bila kupakwa? Pélagie ananitumia habari kwamba hujafika kwake hata siku moja. Uso unakuuma, dawa iko, mukono uko. Juu ya nini hukupakwa?

Hapa ukungu umepungua. Gaju tumbo limeshuka.

Mukarukundo


Ruti
Jumapili, 18 Agosti 2002

Shangazi,

Nakusalimu nikiwa na aibu, hivyo salamu ni fupi.

Ni kweli, siagi iliishia kwenye viazi. Niliiweka rafuni juu ya kitanda. Siku ile nilikuwa kazini, Kampire akaingia kuchukua viti, akafungua, akanusa. Nilipofika nikamkuta ameketi jikoni anapiga eshabwe kwa nguvu zote, jasho linamtoka, na ananigombeza mimi: "Yesu wange, Liliane, wewe naacha siagi nzuri hivi naoza? Mimi naokoa!" Ningefanya nini? Wageni walikuwa mlangoni. Mama yake Gad aliomba kuongezewa mara mbili. Nilikaa pale uso unabanduka, nikiwatazama wakwe zangu wakiula uso wangu. Nikakuandikia uongo. Nisamehe.

Kuhusu zile wiki mbili: sikwenda kwa Pélagie kwa sababu simtaki Pélagie. Kila jioni nilifungua kile kibuyu, nikanusa harufu ya nyumbani, nikafunga. Nilikuwa nakungoja wewe. Nilijiambia, siagi ikiwa bado haijaguswa, atalazimika kuja.

Sasa na mimi nitaandika jambo. Nimelianza mara nne na kuchana karatasi.

Unasema bibi-arusi azungukwe na nyuso nzuri. Hilo neno silo lako. Ni mimi niliyelitia kwako.

Mwaka wa 1997, siku ya wazazi shuleni. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Ulikuja umevaa kitenge cha kijani ulichoazima, na bidoni ya maziwa kwa ajili ya walimu. Nathalie, rafiki yangu wa darasani, akaniuliza: "Yule mama aliyeungua uso ni wa kwenu?" Nikasema: "Hapana, ni mama wa kuuza maziwa." Nikageuka, ulikuwa nyuma yangu.

Ulitua bidoni chini, ukamimina kikombe, ukanipa kwa mikono miwili kama unavyompa mnunuzi. Ukaniuliza: "Mutoto, inakutosha?" Nikasema inatosha. Nikanywa yote mbele ya Nathalie. Ukabeba bidoni yako, ukaenda.

Tangu siku ile hukuja shuleni tena. Tangu siku ile unapandisha kitenge mpaka puani, hata jua likiwa limezama. Tuliishi nyumba moja miaka mitatu zaidi, tukala sahani moja, na hakuna siku niliyokuomba msamaha. Nilipokuja Mbarara nilijiambia nimefuata kazi. Shangazi, nilikuwa nakimbia kile kikombe.

Ulinilea, na mimi nilikukana mbele ya mtoto mwenzangu kwa sababu ya shavu. Nasikia aibu mpaka leo, na nakupenda. Sijui kuliandika vizuri kuliko hivyo.

Njoo.

Liliane


Ruti
Jumapili, 8 Septemba 2002

Shangazi,

Musoni amepita mara tatu, mikono mitupu. Namuuliza, anasema: "Mama mzima, anakamua, hasemi." Mara ya tatu alinionea huruma, akaniletea ndizi.

Sijui kama umekasirika au umeumia. Uso wangu umefika pabaya. Jana ngozi kando ya mdomo ilipasuka nikiimba kwaya. Gad anasema hata nikifika kanisani kama gome la mti atasema ndiyo. Maneno mazuri, lakini gome la mti linauma.

Nimemwambia Pélagie asante, hapana. Nimewaambia dada zake Gad asante, hapana. Sitapakwa na mtu mwingine. Kama huji, nitaolewa na uso huu huu, na watu wakiuliza nitawaambia sababu.

Usiku napata ndoto moja tu. Kibuyu kiko katikati ya chumba, kinatikisika chenyewe, polepole, na nasikia siagi inagonga ndani. Najua kuna mtu anakitikisa, lakini nikiamka kumtazama naona ule mlango wa Gad peke yake.

Liliane


Nakivale
17 Septemba 2002

Lili, mwana yangu,

Gaju amezaa jana asubuhi, kabla ya siku zake. Ni jike. Alilala kidogo kwenye ukungu na aliposimama walikuwa wawili. Kabanda amesema atamukamua. Gaju amemupiga teke moja, sasa banaelewana.

Barua yako ya Agosti niliificha chini ya kibuyu, juu sikujua fasi ingine ya kuiweka. Kila siku nilipoinua kibuyu niliisoma. Ndiyo sababu sikujibu. Mutu hawezi kutikisa maziwa na kuandika, na nikikaa bila kutikisa nilikuwa nalia.

Siku ile nilisikia. Iliniuma, sitakudanganya. Njiani nilikaa chini, nikamwaga maziwa yote iliyobaki kwenye majani, mimi ambaye sijapata kumwaga maziwa. Lakini nilikuwa nakuogopea wewe zaidi. Nilisema moyoni, mutoto huyu ameona mambo mingi, kama anataka kuwa mutu asiye na mama wa kuungua kwa siku moja, nimupe hiyo siku. Kosa langu ni kwamba nilikupa na zingine zote. Nilipandisha kitenge nikafikiri nakusaidia.

Nilitaka unione. Haya, nimeandika.

Siagi ya Gaju ya sasa ni nzito mno, mutu aliyezaa jana hatoi siagi ya uso. Lakini nilikwisha kutengeneza nyingine wiki mbili zilizopita, hata barua ya ngozi kupasuka haijafika. Iko kwenye kibuyu kikubwa. Nitakibeba mimi mwenyewe mapajani, Kampire asinisogelee.

Musoni ananipitia Jumamosi tarehe 21. Hesabu usiku mpaka harusi, ni saba kamili. Weka maji kwenye moto.

Shangazi yako


Ruti
Jumapili, 20 Oktoba 2002

Shangazi yangu,

Nakusalimu, nasalimu Gaju na mtoto wake, nasalimu kitenge chako cha njano nilichokununulia, ambacho nasikia umekiweka sandukuni. Kitoe! Mimi na Gad tumepata chumba na sebule huku juu, karibu na kisima. Mlango umekuwa mpana kuliko tundu lake, Gad amebomoa ukuta badala ya kukata mlango. Kampire anakuulizia. Anasema anaomba msamaha, halafu anauliza kama kuna siagi nyingine.

Naandika kwa sababu siku zile zilipita haraka, na bado nataka kuzishika. Usiku wa kwanza sikulala. Viganja vyako vilikuwa na joto na vikavu kidogo, vikaanzia kidevuni, na ulipofika kwenye ngozi iliyopasuka ukapunguza uzito wa mkono bila mimi kusema. Uliniimbia kwa sauti ndogo wimbo wa kuita ng'ombe. Usiku wa tatu ngozi haikuvuta tena. Usiku wa tano niliota nyumbani, nyumba ya babu, milima yote imefunikwa na ukungu mweupe na mimi natembea ndani yake bila viatu, na ukungu ulikuwa na harufu yako.

Usiku wa saba ndio ninaotaka kuuandika.

Ulimaliza kunipaka. Nikakuambia kaa hapa, kwenye kigoda. Ukacheka, ukasema bibi-arusi amechanganyikiwa. Nikakushusha kitenge mimi mwenyewe. Nikauliza kile nilichokuwa sielewi tangu utoto: mbona wewe uliye na siagi yote hii hujawahi kupaka shavu lako, miaka sita, na linakuvuta hivyo? Ukasema: "Usiku wa kwanza mukono ni wa mutu mwingine. Nani angenipaka?"

Shangazi, nilikuwa nalala hatua mbili kutoka kwako.

Nilitaka kulia lakini maji yangepoa. Nikakuosha. Nikachukua siagi, punje moja, nikaiyeyusha kama ulivyonifundisha. Nikaanzia kidevuni nikapanda. Nilikuwa naogopa kukuumiza, na ngozi pale ilikuwa ngumu na laini kwa pamoja, na ilikunywa siagi yote papo hapo, nikachukua nyingine, na nyingine. Ulifumba macho. Ulisinzia umeketi, kichwa chako kwenye tumbo langu, nami nikasimama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Sijawahi kusimama mahali pazuri hivyo.

Picha ziko humu ndani ya bahasha. Ile kubwa unaikumbuka. Mpiga picha alisema: "Mama mwenye kitenge cha njano asogee kidogo pembeni." Nikamwambia: "Huyo ni mama yangu. Pembeni sogea wewe." Ulijifanya hukusikia. Najua ulisikia.

Uso wangu uko salama. Napiga pasi nikiwa nimerudi nyuma kidogo, na jioni Gad ananiyeyushia siagi. Anaanzia juu anashuka, namrekebisha kila siku.

Je, wewe unajipaka? Usiku wa kwanza ulikwisha kupita, sasa huna kisingizio.

Mtoto wako,
Liliane


Nakivale
5 Novemba 2002

Lili,

Bwana asifiwe. Ndama tumemuita Septemba. Kabanda anasema si jina la ng'ombe, Gaju hajalalamika. Mvua imefika, maharage mapya yameshatoka juu, na ukungu umerudi mpaka mulangoni.

Napaka. Kila jioni, punje moja, ninaanzia kidevu. Mwanzo nilijiona mjinga, mama muzima anajipapasa kama msichana. Sasa nimezoea. Nalala, na ng'ombe zinakuja, zile za baba yangu, moja moja, zinanusa shavu langu la kushoto na kupita. Sijui zinatafuta nini. Naziachia.

Kitenge cha njano nimekitoa. Nakivaa kiunoni, juu kichwani kunanifanyia joto siku hizi.

Ile picha kubwa nimeipachika ukutani, fasi kila mutu anayeingia ataiona. Juzi bamama ba kanisa balikuja kunisalimu baada ya ibada. Mumoja wao ni mupya hapa, hajui habari zetu. Akasimama mbele ya picha muda mrefu. Akaniuliza: "Huyu bibi-arusi mwenye ngozi nzuri hivi, ni nani wako?"

Nikamimina maziwa kwanza. Nikamupa kikombe kwa mikono miwili. Nikamuambia: "Ah, huyo? Ni mutoto mumoja niliyekuwa namuuzia maziwa."

Alishangaa. Na mimi, Lili, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, bamama bote bakanitazama, na Kabanda akaja mbio kutoka nje akifikiri nimeanguka. Nikamuambia yule mama, hapana, ni wangu, huyo ni mutoto wangu, nimemupaka mimi kwa mukono huu. Na nilipokuwa nasema hivyo nikashika uso wangu, juu nilisikia kitu kinatembea pale, nikakigusa kwa vidole vyote ili nihakikishe.

Upande wa kushoto nao ulikuwa unacheka.

Mama yako,
Mukarukundo